Kipimeni kwa Bisibisi

Wapo watu wazima, wenye wajukuu na pensheni, ambao huweza kubishana mchana kutwa juu ya kichwa cha treni ya kuchezea. Sisemi haya kwa kuwadharau, kwani mimi ni mmoja wao. Ubishi wenyewe ni wa siku nyingi na swali lake ni fupi: kati ya viwanda vyote vilivyotengeneza mfano wa dizeli ya F3 ya shirika la reli la Santa Fe, ni kipi kilichotengeneza ulio bora? Nimeusikiliza ubishi huu kwa miaka mingi huko Pennsylvania ninakoishi kwa binti yangu, hasa katika soko kubwa la wakusanyaji linalofanyika mjini York kila Aprili na Oktoba. Nimefikia kuamini kwamba karibu kila anayelijibu swali hilo hutumia kipimo kibovu, na nimeandika kurasa hizi ili nikitetee kipimo kingine.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajapata kukiona kitu hiki, ni haki nieleze kwanza. F3 ya kweli ilikuwa kichwa cha dizeli kilichotengenezwa na Electro-Motive, tawi la General Motors, karibu na jiji la Chicago, tangu 1945 hadi 1949. Kilikuwa na nguvu za farasi 1,500, urefu wa mita 15 na ushei, na pua nene ya mviringo ambayo Wamarekani waliifananisha na uso wa mbwa wa aina ya bulldog. Pamoja na ndugu zake waliotangulia na waliofuata, kichwa hiki ndicho kilichoufukuza mvuke katika reli za Marekani. Santa Fe, ambayo reli yake ilitoka Chicago hadi California, ilivipaka vichwa vyake vya abiria rangi nyekundu puani na kuviacha mbavu zake zikimetameta kama fedha, ili vifanane na mpiganaji wa wenyeji wa asili wa Amerika aliyevaa taji lake la manyoya. Aliyekiona hakukisahau.

Mwaka 1948 kampuni ya Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen, ilitoa F3 ya kuchezea katika rangi za Santa Fe na za New York Central. General Motors na mashirika hayo mawili ya reli yalichangia gharama ya kalibu, kwani yalielewa kwamba hakuna tangazo lililo zuri kama treni yenye jina lako inayozunguka sakafuni mwa sebule za watu. Kichwa kile, nambari 2333, kilikaribia sana kipimo cha 1 kwa 48, kikapita juu ya reli tatu, ya katikati ikileta umeme, na ndani yake kilikuwa na mota mbili. Mwaka 1950 kikaongezewa sumaku ili magurudumu yang'ang'anie reli za chuma. Watoto wa Marekani wa kizazi kile walikiota usingizini.

Penye asali hapakosi nyuki. Louis Marx, aliyeuza vichezeo kwa watu wa kipato kidogo, alitoa dizeli zake za Santa Fe za bati lililochapwa rangi: madirisha, milango na ribiti zote zilikuwa picha tu juu ya bati. Kampuni ya A. C. Gilbert, yenye jina la American Flyer, iliichagua dizeli nyingine, ile ya Alco iitwayo PA, ikaivika rangi zilezile za Santa Fe na kuiendesha juu ya reli mbili kama reli za kweli. Gilbert ilikufa katika miaka ya 1960. Lionel yenyewe ilidhoofika, na kuanzia mwaka 1969 treni zake zikawa zinatengenezwa na General Mills, watu wa unga na vyakula vya asubuhi, ambao waliirudisha F3 katika miaka ya 1970 ikiwa nyepesi na yenye mapambo machache. Kisha likaja kundi la mwisho, lile la miaka ya 1990 na kuendelea: Lionel chini ya wenyewe wengine, na mshindani wake MTH wa jimbo la Maryland, kampuni iliyoanzishwa na Mike Wolf mwaka 1980. Hawa walikileta kichwa kinachonguruma kwa sauti ya injini ya kweli, kinachotoa moshi, kinachoongea kwa sauti ya mpiga ripoti wa stesheni, na kinachotii rimoti.

Basi hawa ndio washindani. Sasa tazama jinsi wanavyohukumiwa.

Mkusanyaji akikishika kichwa mkononi, macho yake huanza kuhesabu. Huhesabu ribiti. Huangalia kama matundu ya hewa juu ya paa yana wavu wa waya wa kweli au ni michirizi ya plastiki tu. Lionel ilianza na wavu, ikaachana nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo msiba wa wavu ule haujaanuliwa matanga. Huangalia kama madirisha ya duara yana vioo, kama vishikio vya milangoni vimepachikwa au vimeumbwa pamoja na ubavu, kama nyekundu ya puani ni nyekundu yenyewe au imeelekea rangi ya chungwa. Akimaliza macho, hutega masikio: mngurumo unapanda na kushuka kama ule wa kweli? Honi inalia kwa noti ipi? Mwishowe hutoa hukumu, na hukumu hiyo karibu kila mara humpa ushindi yule wa mwisho kutengenezwa, kwa sababu kila mwaka viwanda huongeza ribiti.

Mimi nasema huko ni kumchagua mke kwa kuhesabu shanga zake. Shanga ni nzuri, wala sizikatai. Lakini kichezeo ni kitu cha kutumika. Kinaanguka, kinaingia vumbi, kinazungushwa na mtoto asiyejua kikomo, kinasahaulika darini miaka 20, kisha kinashushwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Ubora wa kitu kama hicho hauwezi kujulikana siku ya kwanza kikiwa kinang'aa mezani. Unajulikana siku kilipokataa kutembea. Siku hiyo ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya mchuuzi.

Nilijifunza kusuka mota Tabora, mji ambao reli hugawanyika moja ikaenda Kigoma na nyingine Mwanza, na ambao kila mtu ana ndugu aliyekula mkate wa reli. Katika karakana tuliyofundishwa, mzee wetu hakuruhusu mtu kuisifu mashine kabla ya kuifungua. Alikuwa akituuliza maswali matatu, nami nayaleta hapa kama yalivyo. Inafunguka? Kilichomo ndani kinaeleweka? Kikiharibika, je, mtu mwingine asiyekuwa aliyekitengeneza anaweza kukitengeneza? Mashine iliyoshindwa maswali hayo, mzee alisema, umeiazima tu, hata kama umeilipia.

Nichukue maswali hayo matatu niyapitishe kwa washindani wetu.

Kichwa cha Lionel cha 1948 na ndugu zake wa miaka ya 1950 kinafunguka kwa skrubu chache na bisibisi ya kawaida. Ganda linanyanyuka, na kila kilichomo ndani kinaonekana kwa jicho. Kuna mota zenye amecha ya waya wa shaba, zinazokula umeme uleule wa transfoma bila mtu wa kati. Kuna brashi za kaboni, ndogo kama vipande vya risasi ya penseli, zilizosukumwa na springi. Kuna gia zinazohitaji grisi, na ekseli zinazohitaji tone la oili. Kuna kifaa cha kubadili mwelekeo: ukikata umeme na kuurudisha, koili huvuta, pipa dogo huzunguka hatua moja, nacho kichwa huenda mbele, husimama, hurudi nyuma, husimama. Mtoto wa miaka 12 akikitazama kwa nusu saa anakielewa, na akishakielewa umeme wa nyumba nzima haumtishi tena. Brashi ikiisha, unaweka nyingine. Amecha ikiungua, inasukwa upya. Mimi mwenyewe nimezisuka. Lionel ilichapa vitabu vya ufundi vyenye michoro na nambari za kila spea, ikavigawa kwa mafundi wake wa mitaani. Leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, karakana ndogondogo zinaendelea kutengeneza spea hizo, na michoro ile bado inanakiliwa.

Sisemi kwamba kichwa kile hakikuwa na kasoro. Honi yake ilitegemea betri kubwa ya tochi iliyowekwa ndani, na mtoto aliyeisahau betri hiyo alikuta imevuja na kuutafuna msingi wa chuma. Mwendo wake wa polepole si wa kusifiwa. Huondoka kwa kurukia kama mbuzi aliyefunguliwa. Lakini angalia namna kasoro zenyewe zilivyo. Kutu huonekana, hukwanguliwa, hupakwa rangi. Hakuna kasoro hata moja ndani yake inayomshinda mtu mwenye mikono na subira.

Bati la Marx linaanguka mtihani wa ribiti tangu mlangoni, kwa kuwa halina hata moja. Wakusanyaji hulipita kama mtu apitavyo duka la mitumba akiwa amevaa suti. Lakini kunjua vile vijino vya bati vinavyoshikilia ganda, nawe utakuta mota iliyo ngumu kama kokwa ya embe, rahisi kiasi kwamba hakuna cha kupotea ndani yake. Vijino vikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika, hilo ni kweli. Hata hivyo, mtoto wa mtu maskini alipewa kitu ambacho baba yake aliweza kukitengeneza mezani baada ya chakula cha jioni. Hiyo ni heshima kubwa kuliko ribiti 300.

Niko tayari pia kuwatetea wale watu wa unga. F3 zao za miaka ya 1970 huchekwa kila mahali: nyepesi, nyingi zina mota moja, mapambo yamepunguzwa. Yote ni kweli. Lakini mota ilibaki ya jadi ileile, na bisibisi ilibaki ndiyo ufunguo. Aliyenunua kichwa hicho alinunua kitu duni kuliko cha 1948, ila alikinunua kweli, kikawa chake.

Sasa tufike kwa hawa wa leo, wanaopewa ushindi.

Kwa uzuri wa nje sina la kuwakosoa. Rangi zao ni safi, ribiti zao zinahesabika, na vikitembea polepole vinatambaa kama konokono bila kusita. Nimesimama mbele ya meza mjini York nikasikia mngurumo wa dizeli ukitoka katika spika ndogo kuliko kikombe cha kahawa, na mwili ukanisisimka. Lakini ndani, mota ni za kopo lililofungwa, na kati ya reli na mota amekaa dalali: bodi ya elektroniki, ambayo ndiyo inayoamua mota ipate nini, taa iwake lini, sauti itoke ipi. Bodi hiyo ikifa, kichwa chote ni maiti, hata kama mota zake ni nzima na magurudumu yake hayajachakaa.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya kutandika reli maisha yake yote, aliniletea kichwa cha namna hiyo. Jina la kiwanda nitalihifadhi. Alikinunua kwa fedha zilizozidi malipo yake ya mwezi, kikatembea miaka michache, kisha siku moja kikanyamaza. Nilikifungua. Mota niliziunganisha moja kwa moja na betri, zikazunguka vizuri. Bodi ndiyo iliyokufa. Tuliandikia kiwanda, tukajibiwa kwa adabu kwamba bodi ya mfano ule haipo tena, na kwamba toleo jipya la kichwa hichohicho linapatikana. Tuliomba mchoro wa bodi ile, tukajibiwa kwamba hautolewi. Mzee alikiweka rafuni kando ya F3 ya 1950 aliyoachiwa na kaka yake. Ile ya 1950 inatembea mpaka leo.

Najua nitakayojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa mara nyingi. Wa kwanza ataniambia kwamba hakuna kizuri kisicho na gharama: ukitaka sauti na rimoti, vumilia bodi. Sawa. Lakini mimi sijaikataa bodi. Nimeikataa bodi isiyo na mchoro, isiyo na spea, ambayo imefungwa kwa siri mpaka fundi aliyesoma elektroniki anabaki kuitazama kama mganga aliyenyimwa mkoba. Redio za zamani zilikuwa na mchoro wa saketi umebandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma. Sauti yake haikupungua kwa sababu hiyo. Na kuna viwanda vidogo vinavyouza bodi mbadala za kufufulia vichwa vilivyokufa, jambo linaloonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Inakosekana nia tu.

Wa pili ataniambia kwamba vichwa hivi siku hizi havichezewi, hukaa rafuni, basi kufunguka kwake kuna faida gani? Huyo namjibu kwamba amekwisha kukiri yote ninayoyasema. Kichezeo kisichochezewa ni picha. Anayetaka picha na anunue picha, tena ni rahisi na haili umeme.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, ataniambia kwamba kiwanda lazima kilinde kazi yake isiibwe. Hoja hii naiheshimu, kwani historia inaiunga mkono. Mwaka 2004 baraza la mahakama huko Michigan liliona kwamba michoro ya MTH ilikuwa imetumiwa, kupitia mkandarasi wa Korea, kutengenezea vichwa vya Lionel, likaiamuru Lionel ilipe dola zaidi ya milioni 40. Mwaka huohuo Lionel iliomba kinga ya kufilisika. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu, na baadaye mafahali hao wawili wakapatana. Mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni sisi: kila upande ulijifunza kuyafungia makaratasi yake. Lakini kuna tofauti kati ya mchoro wa kutengenezea kichwa na mchoro wa kukitibu. Aliyepewa ramani ya mshipa mmoja ili aufunge hakupewa siri ya kuumba mtu. Lionel ya 1948 iliwapa mafundi michoro ya kila skrubu, na Marx na Gilbert hawakuiua kwa sababu hiyo.

Zaidi ya hayo, viwanda hufa. Gilbert ilikufa, Marx ilikufa, na mwaka 2020 MTH ilitangaza kwamba mwanzilishi wake anastaafu na kwamba ingefunga milango mwaka uliofuata. Jina lake na sehemu ya kazi yake vimeendelea kwa umbo dogo zaidi, na kalibu nyingine zikauzwa kwa wengine. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini siku tangazo lile lilipotoka niliwaona wazee wenye vichwa 30 na 40 vya bodi wakiulizana kama watu waliosikia kwamba kisima cha kijiji kitafukiwa. Mwenye F3 ya 1948 hakuuliza mtu. Kiwanda chake cha zamani kilikwisha kufa na kufufuka mara kadhaa, na yeye hakuhitaji kupiga hodi.

Ndugu msomaji, huenda huna hata reli moja nyumbani kwako, ukasema haya yanakuhusu nini. Yanakuhusu. Mkono uliokuuzia simu isiyofunguka, redio isiyo na mchoro, na trekta ambalo fundi wa kijiji haruhusiwi kuligusa bila kompyuta ya wenyewe, ni mkono uleule. Sisi tuliokulia Tabora tukitengeneza magari ya makopo na magurudumu ya ndala tulijua bila kufundishwa kwamba chako ni kile unachoweza kukivunja na kukirudisha. Mtoto anayepewa kichezeo kisichofunguka anafundishwa mapema kuwa mpangaji katika dunia ya wengine. Atajua kubonyeza, hatajua kwa nini.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuomba, na si mambo makubwa. Wenye viwanda wachapishe mchoro wa matibabu wa kila kichwa wanachokiuza, na siku watakapoacha kutengeneza bodi fulani waufungue mchoro wake kwa wote. Wanaoandika tathmini za vichwa vipya, wale wanaotumia kurasa nne kupima nyekundu ya puani, watenge aya moja tu waseme: ganda linashikiliwa na skrubu ngapi, ndani mna nini, na spea zitapatikana wapi. Na mnunuzi, kabla hajatoa fedha yake, amwombe muuzaji amfungulie kichwa mbele yake.

Muuzaji akikubali, nunua hata kama ribiti ni chache. Akikunja uso na kusema kwamba kikifunguliwa dhamana inavunjika, basi umekwisha kujua bila kuhesabu ribiti hata moja ni nani atakayebaki kuwa mwenye mali. Irudishe pochi mfukoni, uende meza inayofuata.